Dawa ya Dashibodi Ikibadili Mwenyewe

Januari 2019 Energizer, kampuni ya betri yenye makao yake St. Louis, Marekani, ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha matunzo ya magari cha Spectrum Brands kwa dola bilioni 1.25. Ndani ya furushi hilo zilikuwamo Armor All, dawa ya kung'arisha dashibodi na tairi; STP, maarufu kwa dawa za kuchanganya na mafuta; na A/C PRO, gesi ya AC kwa wale wanaojijazia wenyewe nyumbani. Lakini mwanzoni mwa mwezi huohuo Energizer ilikuwa imekwisha kuchukua kutoka kwa Spectrum hiyohiyo kitu kikubwa zaidi: biashara ya betri na tochi, Rayovac ikiwamo, kwa dola bilioni 2. Betri ndizo zilizotafutwa kwanza. Dawa za magari zilifuata.

Kwa mwenye gari, mpangilio huo wa betri mbele na dawa nyuma una uzito kuliko tarakimu za dola. Kampuni ikinunuliwa watu hukimbilia maswali mawili: bei itapanda? Ubora utashuka? Ni maswali ya haki na nitayafikia. Ila kabla yake kuna moja ambalo jibu lake hutabiri mengi: je, chapa hii ndiyo iliyotafutwa, au imebebwa tu kwa kuwa ilikuwa ndani ya furushi moja na kitu kingine?

Tazama safari ya Armor All yenyewe. Ilibuniwa Marekani mwaka 1962 na Joe Palcher, na ikapata jina hilo na umaarufu wake mikononi mwa Alan Rypinski miaka ya 1970. Mwaka 1979 ikanunuliwa na McKesson, kampuni ya kusambaza dawa za hospitali. Mwaka 1996 ikaenda kwa Clorox, watengenezaji wa dawa ya kung'arisha nguo. Mwaka 1999 Clorox hiyohiyo ikainunua First Brands, ikiitaka hasa mifuko ya plastiki ya Glad, na STP ikaja humohumo. Mwaka 2010 Clorox ikachoka na magari: ikaziuza Armor All na STP kwa mfuko wa uwekezaji wa Avista Capital Partners kwa dola milioni 780. Miaka mitano baadaye Spectrum Brands, ambao wakati huo walikuwa wakiuza makufuli, chakula cha mbwa na mashine za kunyolea ndevu, wakazichukua kwa dola bilioni 1.4. Kisha ndipo akaja huyu wa betri, na bei yake ilikuwa pungufu ya ile waliyotoa Spectrum.

Msambaza dawa za hospitali, mtengeneza dawa ya nguo, mfuko wa fedha, muuza makufuli, muuza betri. Katika wote hao hakuna aliyekulia kwenye gereji.

Rain-X, ile dawa inayofanya maji ya mvua yateleze kwenye kioo cha mbele, imepita njia ya namna hiyo. Ilianza kwa Unelko mwaka 1972. Miaka ya 1990 ikaingia kwenye ukoo wa Quaker State, wauza oili. Mwaka 1998 Quaker State ikaungana na Pennzoil. Mwaka 2002 Shell ikainunua Pennzoil-Quaker State, na shabaha yake ilikuwa oili. Rain-X ikajikuta mali ya kampuni ya mafuta ya petroli hadi mwaka 2011, ilipouzwa kwa Illinois Tool Works, kampuni ya viwanda vya kila aina.

Bidhaa iliyobebwa kwa namna hii huishi maisha ya kipekee. Haifi upesi, kwa sababu jina lake linauza bila kusukumwa sana. Lakini inapofika zamu ya kugawa bajeti ya utafiti au ya matangazo, inasimama mwisho wa foleni, na mwenye nyumba akibanwa na fedha, ndiyo ya kwanza kutolewa nje iuzwe.

Ilikuwa tofauti 3M walipoinunua Meguiar's mwaka 2008. Meguiar's ilianza mwaka 1901 kama polishi ya samani iliyochanganywa kwenye banda la gari, ikabaki mikononi mwa familia kwa zaidi ya karne. 3M hawakuipata kwa bahati. Tayari walikuwa wanauza msasa, tepu na dawa za kusugulia rangi kwenye gereji za bodi, na walichokosa ni jina linalopendwa na mtu anayeosha gari lake mwenyewe siku ya mapumziko. Kadhalika Würth ya Ujerumani ilipochukua mwaka 2018 umiliki wote wa Liqui Moly, chapa ya oili na dawa za injini: Würth wenyewe ni wauza skrubu, vifaa na kemikali za gereji, na Ernst Prost, aliyeikuza Liqui Moly, aliendelea kuiongoza kwa miaka kadhaa. Hapo chapa ndiyo iliyotafutwa. Mtumiaji wa bidhaa ya namna hii ana sababu ya kutulia kuliko yule wa chapa iliyokuja ndani ya furushi.

Sasa fedha. Mfuko wa uwekezaji unaponunua kampuni hautoi fedha zote mfukoni. Hukopa, na deni huandikwa kwa jina la kampuni iliyonunuliwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2010: kampuni mpya iliyoundwa kuzimiliki Armor All na STP ilitoa, pamoja na mkopo wa benki, hati za mkopo za dola milioni 275 kwa riba ya asilimia 9.25. Piga hesabu. Riba ya hati hizo peke yake inazidi dola milioni 25 kwa mwaka, kabla hujalipa mkopo wa benki wala kununua hata galoni moja ya silikoni. Fedha hiyo haina chemchemi nyingine isipokuwa chupa zinazouzwa. Msimamizi wa kiwanda mwenye deni la namna hiyo hahitaji kuwa mtu mbaya ili aanze kutafuta pa kubana: kichwa cha kupulizia cha bei nafuu zaidi, plastiki nyembamba, ujazo unaopungua kidogo huku bei ikikaa palepale. Mtumiaji huliona hilo mwisho kabisa, pengine baada ya mwaka, anaposhangaa kwamba chupa iliyokuwa ikimtosha mwezi mzima sasa inaisha wiki ya tatu.

Kero nyingine huletwa na kile wanunuzi wanachokiita kuunganisha shughuli. Spectrum walipoichukua Armor All waliamua kukusanya uzalishaji na usambazaji wa dawa za magari kwenye kituo kimoja kikubwa huko Dayton, Ohio. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri: paa moja, gharama pungufu. Aprili 2018 ikabidi wawaambie wawekezaji kwamba uhamisho huo, pamoja na mwingine wa idara ya makufuli huko Kansas, unawatafuna. Mkuu wa kampuni Andreas Rouvé akaondoka, David Maura akashika usukani, na bei ya hisa ikaporomoka. Miezi hiyo ya kuelekea majira ya joto ndiyo Wamarekani huosha magari yao kwa wingi, kwa hiyo ghala lisilofanya kazi sawasawa Aprili ni hasara kwa muuzaji na rafu yenye mapengo kwa mnunuzi. Mwaka haujaisha, Spectrum wakakubaliana na Energizer kukiuza kitengo kizima.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa makusudi. Watu huogopa kwamba mmiliki mpya ataharibu mchanganyiko wa dawa, na hilo hutokea, lakini uharibifu wa kawaida zaidi ni huu usio na mvuto wa kusimuliwa: malori, ghala na oda zinazochelewa.

Kuhusu bei, kuna ushahidi wa kitaalamu. Wachumi Orley Ashenfelter na Daniel Hosken walichunguza miungano mitano ya makampuni ya bidhaa za matumizi ya nyumbani Marekani, na mmoja wapo ulikuwa huohuo wa Pennzoil na Quaker State. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010, minne kati ya mitano ilifuatiwa na ongezeko la bei kwa mlaji. Mwaka 2017 Nathan Miller na Matthew Weinberg wakaonyesha kwamba baada ya Miller na Coors kuunganisha biashara zao za bia mwaka 2008, bei zilipanda kwa karibu asilimia 6, na mshindani wao mkubwa naye akapandisha za kwake. Hapo ndipo penye funzo: wawili wakiungana, wa tatu hapunguzi bei kuwanyang'anya wateja. Naye hupanda nao.

Je, hayo yanahamia kwenye shampuu ya gari? Kwa kiasi. Rafu ya dawa za magari hudanganya macho. Energizer walikuwa wamekwisha kununua HandStands mwaka 2016, pamoja na manukato yake ya gari, na katikati ya 2018 wakachukua polishi ya Nu Finish. Kwa hiyo mtu anayesimama Marekani mbele ya Armor All, Nu Finish, Eagle One, Lexol na kopo la California Scents anadhani ana wauzaji watano wanaompigania. Mfuko ni mmoja. Na hakuna mamlaka iliyoliona hilo kuwa tatizo kubwa. Tume ya Ulaya ilipoukagua ununuzi wa betri ilishtuka kuhusu betri, ikashurutisha biashara ya betri ndogo za Varta katika Ulaya, nayo ikiwa ndani ya furushi la Spectrum, iuzwe kwa mwingine. Dawa za dashibodi hazikumkosesha mtu usingizi.

Na kwa upande wa bei naona mamlaka hazikukosea sana. Kutengeneza dawa ya dashibodi si kama kuchimba mafuta. Ni maji, silikoni, kihifadhi na harufu kidogo; mwenye pipa na kichanganyio safi anaweza kuanza. Oili ya injini kwa kawaida huhitaji kuthibitishwa dhidi ya viwango vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, na kupita majaribio ya gharama kubwa, lakini nta na shampuu hazina kizuizi hicho. Mmiliki akipandisha bei kupita kiasi, kampuni changa zinazouza moja kwa moja kwa mteja kupitia intaneti huingia mlangoni bila kubisha. Ndiyo maana sidhani bei ndiyo hofu kuu hapa. Kwenye oili ningeogopa zaidi, hasa baada ya Aramco ya Saudi Arabia kukamilisha, Machi 2023, ununuzi wa biashara ya bidhaa za Valvoline kwa dola bilioni 2.65.

Mchanganyiko wa dawa je? Mtumiaji akihisi harufu imebadilika, au nta inapaka kwa ugumu, humtupia lawama mmiliki mpya. Wakati mwingine anamwonea. California imekuwa ikibana kwa miaka mingi kiasi cha viyeyusho vinavyopotelea hewani kutoka kwenye bidhaa za nyumbani, na kwa kuwa watengenezaji wengi hawataki kutengeneza chupa moja ya California na nyingine ya majimbo yaliyobaki, sheria ya jimbo moja mara nyingi hubadilisha chupa za nchi nzima. Desemba 2022, 3M walitangaza kuachana na kemikali za PFAS, zinazosifika kwa kufukuza maji na mafuta, kufikia mwisho wa 2025. Sababu yao ilikuwa sheria na kesi. Nta ya karnauba hutoka kwenye mitende ya kaskazini mashariki mwa Brazili, na mavuno yakiyumba huko, mkebe wa polishi huyumba kila mahali. Mambo hayo yangetokea hata kama familia ya Meguiar isingeuza kitu.

Pia jina la kwenye chupa halimtaji mwenye chupa. Varta ni mfano unaowagusa madereva wa kwetu: betri za gari zenye jina hilo ni za Clarios, zile ndogo za rimoti katika Ulaya zikarudi kwa VARTA AG ya Ujerumani, na ni makampuni yasiyohusiana. Valvoline nayo imegawanyika: oili na bidhaa ni za Aramco, lakini vituo vya kubadilishia oili Marekani vimebaki na kampuni ya Marekani. Mtu mwenye malalamiko anaweza kuandika barua kwa mwenye jina na kujibiwa, kwa adabu, kwamba amebisha mlango usio wake.

Nije nyumbani. Chapa za Marekani na Ulaya hufika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kwa njia mbili: wakala aliyepewa haki ya kuagiza, na mwagizaji mdogo anayejaza kontena Dubai kwa vitu mchanganyiko. Kampuni ikibadili mwenyewe, wa Dubai hatikisiki. Ananunua popote palipo na bei. Anayetikisika ni wakala, kwa sababu mmiliki mpya huwa na wakala wake tayari. Mkataba wa zamani huachwa uishe kimyakimya, na kwa muda bidhaa halali huadimika madukani.

Afrika Mashariki tunalijua jina la Energizer kwa jambo linalofanana na hili. Kiwanda cha betri cha Eveready, jina la ukoo wa Energizer, huko Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na betri zikawa za kuagizwa kutoka nje. Mlaji hakukosa betri. Alichokosa ni kiwanda cha karibu ambacho angeweza kukibishia hodi. Kiwi, dawa ya viatu ambayo nusu ya wanafunzi wa shule zetu wamekua nayo, ilinunuliwa na SC Johnson mwaka 2011, na mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kuacha kuiuza Uingereza kwa kuwa soko limenywea. Kama Kiwi iliondolewa rafuni Uingereza namna hiyo, soko la Mwanza au Kisumu haliwezi kujidai kwamba litaulizwa kwanza.

Bidhaa halali ikiadimika, nafasi yake haikai wazi. Nenda sehemu yoyote ya kuoshea magari jioni ya Jumamosi uangalie mikono ya kijana anayemalizia dashibodi. Ameshika chupa ya kupulizia yenye lebo ya kigeni iliyochakaa mpaka herufi zimefutika nusu. Chini ya benchi kuna dumu la lita tano lisilo na lebo yoyote, na ikiisha chupa anaijaza kutoka humo kwa kibomba cha plastiki. Ndani mwaweza kuwa na silikoni nzuri tu, au mafuta yaliyochakachuliwa ambayo yataacha dashibodi inanata, inavuta vumbi, na mchana wa jua kali inaakisi kwenye kioo mpaka dereva haoni barabara. Mwenye gari anaamini amepakiwa chapa ile anayoifahamu. Alichopakiwa hakina mmiliki wa zamani wala mpya.

Kwa Tanzania, ofisi inayohusika na mambo yote mawili ni moja. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayopitisha miungano ya makampuni, na ndiyo hiyohiyo inayokamata bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa. Kenya wamezitenga: Mamlaka ya Ushindani inashughulikia miungano, na kupambana na bidhaa bandia ni kazi ya mamlaka nyingine yenye sheria yake ya mwaka 2008. Mpango wa Tanzania unatoa nafasi ambayo sioni kama inatumika ipasavyo. Ofisi inayosoma faili la ununuzi wa kampuni inaweza kujua mapema kwamba wakala wa chapa fulani atabadilika, na kwa hiyo inaweza kujua ni miezi gani bandia zitafurika. Faili hilo na operesheni za kukamata bandia Kariakoo zinapaswa kusomwa na watu wanaozungumza.

Hatari nyingine nayo ni ya kwetu hasa, ingawa inazungumzwa kidogo. Magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani. Rangi yake imepigwa jua la Ikweta juu ya miaka saba au minane iliyokwisha pita huko, na mara nyingi tabaka la juu limekwisha kuwa jembamba. Watengenezaji wakipunguza aina za bidhaa baada ya ununuzi, zinazokatwa ni zile zisizouzika haraka kwenye soko lao kubwa, na zinazobaki hupangwa kwa gari jipya la Ohio. Polishi laini ya kusugulia rangi ya zamani ni mgombea mzuri wa kukatwa. Anayeihitaji zaidi ni mwenye Corolla ya zamani huku, ambaye hayumo kwenye hesabu za yeyote anayekata.

Basi kwa mwenye gari hukumu yangu ni hii: ukisikia chapa unayoitumia imeuzwa, usikimbilie kujaza stoo. Dawa nyingi za siku hizi ni za maji, zikikaa kwenye joto hujitenga na kuharibika. Uliza kwanza imenunuliwa kwa ajili gani. Kama mnunuzi ni wa biashara ya magari na alikuwa anaitafuta, endelea kununua kwa utulivu. Kama imekuja kwenye furushi la betri au mifuko ya plastiki, au mnunuzi ni mfuko wa uwekezaji wenye deni, soma ujazo wa chupa kila unaponunua na ujaribu mahali pasipoonekana kabla ya kupaka gari zima. Kwa vyovyote, angalia jina na simu ya mwagizaji nyuma ya chupa, dai risiti, na pale unapoosha gari mpelekee kijana dawa yako mwenyewe.

Na kwa mawakala: mkataba ukiisha, semeni. Tangazo moja gazetini, lenye jina la wakala mpya na tarehe ya kuanza kwake, halimgharimu mtu chochote cha maana, na lingewanyima wenye madumu miezi yao ya mavuno.